Mwalimu wa miaka 15, mshahara wa saa 75: Kwa nini elimu na uzoefu wa nyumbani hupungua thamani ughaibuni

Kata ya Nduruma, chini ya Mlima Meru, inajulikana kwa mifereji yake, mahindi, maharage, na mashamba makubwa ya maua ambayo mazao yake hupanda ndege kwenda Ulaya. Waridi linalokatwa huku hupangwa kwa urefu wa bua. Likifika sokoni Uholanzi, bua ni lilelile, na bei hutajwa kwa kipimo hichohicho.

Binadamu hasafiri hivyo. Msimamizi aliyekaa miaka kumi kwenye nyumba ya maua, akihamia nchi yanakopelekwa maua hayo, anaweza kuanza kazi kama mtu ambaye hajawahi kushika mkasi wa kupogolea. Mwalimu, muuguzi, fundi magari na dereva wa watalii hukutana na jambo hilohilo. Cheti wanabeba, miaka ya kazi wanabeba kichwani, lakini mshahara wa kwanza mara nyingi hauonyeshi hata kimoja.

Kuna kikao ambacho wengi wetu tumewahi kukaa. Mtoto wa ndugu amepata nafasi ya kwenda nje, nauli na ada vinatafutwa, na mezani kuna pendekezo la kuuza kipande cha shamba. Mjomba mmoja husema, "Huyu ana digrii na amefanya kazi miaka minane, akifika tu atakaa sawa." Hesabu ya kikao chote husimama juu ya sentensi hiyo. Makala haya yanaiangalia kwa karibu, kwa sababu wachumi wameifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 40, na majibu yao hayafanani sana na ya mjomba.

Saa 75

Tuanze na mfano, si wa mtu fulani, bali wa njia ambayo Watanzania na Wakenya wengi wameipita.

Mwalimu wa sekondari amefundisha hisabati miaka 15. Anahamia Marekani kwa njia halali, ana kibali cha kuishi na kufanya kazi. Kufundisha shule ya serikali kunahitaji leseni ya jimbo, na leseni inahitaji shahada yake itathminiwe, pengine asome kozi za ziada na kufanya mitihani. Hilo huchukua muda na fedha, na kodi ya nyumba haisubiri. Ndugu aliyempokea anamwambia kuna kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kwa kazi hiyo anatakiwa awe na cheti cha msaidizi wa muuguzi. Sheria ya Marekani inataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, ingawa majimbo mengi yameongeza.

Anasoma wiki chache, anafaulu, anaanza kazi. Mshahara wake unapangwa kwa zile saa 75. Ile miaka 15 ya ubaoni haimo kwenye hesabu, wala miaka mitatu au minne ya chuo kikuu. Kijana wa miaka 19 aliyemaliza sekondari hukohuko na kusoma kozi ileile analipwa sawa naye, na akiwa amemtangulia kazini kwa mwaka mmoja huenda anamzidi.

Kwa muuguzi pengo hilo linaweza kusomwa kwa tarakimu. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha mshahara wa kati wa msaidizi wa muuguzi ulikuwa takriban dola 38,000 kwa mwaka, yaani nusu ya wasaidizi walipata chini ya hapo na nusu juu yake. Kwa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa takriban dola 86,000. Muuguzi wa Tanzania mwenye stashahada au shahada anayefanya kazi ya usaidizi kwa sababu hajafaulu mtihani wa leseni anapishana na zaidi ya nusu ya kipato chake. Mikono ni ileile na mgonjwa ni yuleyule.

Wachumi waliona nini

Mwaka 1978 mchumi wa Marekani Barry Chiswick alichapisha uchambuzi wa sensa ya nchi hiyo ya mwaka 1970. Alilinganisha wanaume waliozaliwa nje na wenyeji wenye elimu na umri unaofanana. Mhamiaji alianza akiwa chini, lakini kipato chake kilipanda haraka, na baada ya miaka kati ya 10 na 15 alimfikia mwenyeji na hata kumpita. Ilikuwa habari njema, na kwa miaka kadhaa ilitawala mazungumzo.

Mwaka 1985 George Borjas alitia doa kwenye habari hiyo. Alisema sensa moja ni picha ya siku moja. Waliofika zamani na waliofika juzi si watu wa namna moja, kwa hiyo huwezi kumtazama wa zamani ukasema huyu wa leo atafika pale. Alipofuatilia makundi ya wahamiaji sensa hadi sensa, kupanda kwao kulikuwa kwa polepole kuliko alivyosema Chiswick.

Utafiti unaogusa zaidi swali letu ni wa Rachel Friedberg, uliochapishwa mwaka 2000. Yeye aliangalia Israel, nchi iliyopokea wahamiaji kutoka kila pembe, wenye elimu za kila aina. Alitenganisha vitu viwili ambavyo kwenye vikao vyetu tunavichanganya: elimu na uzoefu uliopatikana nje, na elimu na uzoefu uliopatikana ndani ya nchi mpya. Alikuta kwamba kilichopatikana nje kinalipwa kidogo sana ukilinganisha na kilichopatikana ndani, na kwamba tofauti hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini mhamiaji anapata chini ya mwenyeji anayefanana naye. Kati ya hivyo viwili, uzoefu ndio ulioumia zaidi. Shule ya nyumbani ililipwa kiasi. Miaka ya kazi ya nyumbani ilikaribia kutolipwa kabisa.

Lakini Friedberg aliona jambo jingine, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo muhimu kuliko yote. Mhamiaji akiongeza elimu kidogo katika nchi mpya, anapata faida ya elimu hiyo mpya, na juu yake elimu yake ya zamani nayo inaanza kulipwa vizuri zaidi. Ni kama ufunguo. Ghala lilikuwepo muda wote, ila limefungwa.

Tafiti za baadaye zikaongeza kwamba nchi utokayo ina uzito. Kundi la wachumi akiwemo David Lagakos na Todd Schoellman lilipima wahamiaji wapya Marekani na kukuta kwamba miaka ya kazi iliyofanywa katika nchi tajiri inalipwa vizuri kuliko miaka hiyohiyo iliyofanywa katika nchi maskini. Miaka 20 ya Ujerumani na miaka 20 ya Tanzania haihesabiwi sawa mlangoni.

Ni ubaguzi tu?

Jibu la haraka la wengi wetu ni kwamba hawa watu wanatubagua. Ubaguzi upo, na umepimwa. Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto alituma kwa waajiri wa mji huo maelfu ya CV za kubuni, kisha akahesabu nani anaitwa kwenye usaili. Mwenye jina la Kiingereza, elimu ya Kanada na uzoefu wa Kanada aliitwa mara 16 katika kila maombi 100. Mwenye jina la Kichina, Kihindi au Kipakistani, elimu ya nje na uzoefu wa nje aliitwa mara 5. Waliotoka Uingereza, ambao nao ni wageni wenye vyeti vya nje, hawakuwa na shida hiyo. Alipobadilisha jina peke yake, akaacha kila kitu kingine kama kilivyo, nafasi ilishuka. Alipoongeza kazi ya hivi karibuni ndani ya Kanada kwenye CV ya mgeni, nafasi ilipanda.

Huo ni ubaguzi, hakuna jina jingine. Lakini si wote. Sehemu ya hasara ni ya kweli kwa maana kwamba ujuzi wenyewe umebanwa na mahali. Wakili anayejua sheria ya ardhi ya vijiji ya Tanzania hana wa kumuuzia ujuzi huo Toronto. Dereva wa watalii anayejua njia za Serengeti wakati wa masika, na anayeweza kulitoa gari kwenye tope la Ndutu usiku, ana ujuzi mkubwa ambao barabara kuu ya Ulaya haina kazi nao. Fundi wa Arusha anayesikiliza injini ya Land Cruiser na kujua ugonjwa wake atakuta gereji ambayo kazi huanza kwa kuchomeka kompyuta. Atajifunza, tena haraka, lakini siku ya kwanza hajui.

Katikati ya ubaguzi na ujuzi uliobanwa kuna eneo kubwa kuliko yote mawili, nalo ni la kutosomeka. Mwajiri wa Manchester hajui NECTA ni nini. Hajui daraja la kwanza la kidato cha sita linamaanisha nini, wala kwamba mtahini wake ni mkali. Hawezi kupiga simu shuleni Nduruma kuuliza, na akipiga hajui atajibiwa na nani. Mbele yake kuna mwombaji mwingine ambaye cheti chake anakifahamu. Hahitaji kuwa mtu mbaya ili amchukue huyo.

Lugha inaongeza uzito. Mtoto wa huku husoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha anahamia Kiingereza sekondari, na wengi wanafika chuo wakiwa wanakisoma vizuri kuliko wanavyokisema. Kwenye usaili wa dakika 20, anayesita kutafuta neno huonekana anasita kwenye kazi.

Hapa ndipo Kanada imekuwa kichekesho, na Wakanada wenyewe wamekiri. Mfumo wake wa kuwapokea wafanyakazi wenye ujuzi unatoa alama: hadi 28 kwa lugha, hadi 25 kwa elimu, hadi 15 kwa uzoefu, na anayefikisha 67 kati ya 100 amevuka kizingiti cha kwanza. Serikali, kwa maneno mengine, inamwambia mwombaji kwamba miaka yake ya kazi ina thamani, ndiyo maana inamruhusu aingie. Akishaingia, mwajiri anamuuliza, "Una uzoefu wa Kanada?" Swali hilo liliumiza watu wengi kiasi kwamba mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo la Ontario ilitamka kuwa sharti hilo ni la kibaguzi, na mwaka 2021 jimbo hilo likatunga sheria ya kuzizuia bodi za taaluma kulitumia.

Ya Wapoland wa Tengeru

Haya si mambo ya zama za intaneti. Watu wa ukanda huu wa Meru waliyaona yakitokea kwa wageni waliokuwa majirani zao.

Kuanzia mwaka 1942, Tengeru, jirani na Nduruma, ilipokea Wapoland takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki mwa Poland, wakapitia Siberia na maeneo mengine, wakatoka kupitia Iran, na Waingereza wakawaleta Afrika Mashariki. Tengeru walijenga maisha: shule, hospitali, kanisa, mashamba. Makaburi yao yapo mpaka leo, na wageni wanayatembelea.

Vita vilipoisha, kwao kulikuwa kumemezwa na Muungano wa Kisovieti, na wengi hawakutaka kurudi. Baadhi walikwenda Uingereza, watoto yatima zaidi ya 100 walipelekwa Kanada mwaka 1949, na mwezi Februari 1950 meli iitwayo General Langfitt, iliyotoka Mombasa, ilitia nanga Fremantle, Australia, ikiwa na Wapoland zaidi ya 1,100 kutoka Tengeru na kambi za Uganda.

Australia ya wakati ule iliwapokea maelfu ya wakimbizi wa Ulaya kwa mkataba wa miaka miwili ya kazi popote serikali itakapowapangia. Kwenye karatasi, wanaume waliandikwa vibarua na wanawake watumishi wa ndani. Hawakuulizwa walikuwa nani kabla ya vita. Chini ya utaratibu huo, daktari wa Ulaya angeweza kujikuta akisukuma vitanda vya wagonjwa, na mwalimu akifua mashuka ya hospitali. Walikuwa Wazungu, wamefika nchi ya Wazungu iliyokuwa na sera ya kuwapendelea Wazungu, na bado elimu yao haikusomeka.

Tunalitaja hili kwa sababu linasaidia kupima lile swali la ubaguzi. Rangi inaongeza mzigo, kama Toronto ilivyoonyesha. Lakini hata pasipo rangi, mzigo upo.

Pasipoti badala ya cheti

Kwa wasichana na akina mama wengi wa Tanzania, ughaibuni si Toronto wala Fremantle. Ni Muscat au Dubai, kwa kazi za ndani. Huko tatizo linachukua sura nyingine kabisa, kwa sababu hakuna hata anayejifanya kupima elimu. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza, pamoja na mateso mengine, kwamba mishahara hupangwa kwa kufuata uraia. Mama aliyemaliza kidato cha nne na kuendesha mgahawa wake Usa River miaka sita analipwa kama Mtanzania. Mfilipino wa nyumba ya pili analipwa kama Mfilipino, yaani zaidi.

Kwa nini zaidi? Mwishoni mwa mwaka 2006 serikali ya Ufilipino ilitangaza kwamba raia wake hataondoka kwenda kufanya kazi za ndani kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, na ikamtaka awe na cheti cha mafunzo ya kazi hiyo kabla ya kusafiri. Waajiri walilalamika, wengine wakatafuta njia za kukwepa, na mikataba ya kubadilishwa mtu akishafika haikukoma. Hata hivyo, kiwango kilijulikana, na mwajiri anayetaka Mfilipino alijua anaanzia wapi. Kile ambacho mfanyakazi mmoja mmoja hawezi kukidai jikoni kwa tajiri wake, nchi yake ilikidai kabla hajapanda ndege.

Milango inayofungwa na kufunguliwa

Kwa taaluma zenye leseni, hali inategemea sana makubaliano ya serikali. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya mwaka 2021, na mwezi Septemba 2024 Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi. Makubaliano hayo hayafuti mitihani wala masharti ya lugha. Yanachofanya ni kuweka njia inayojulikana.

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ambazo mataifa tajiri yanaombwa yasiende kuwachukua wauguzi wao kwa makundi. Nia ni njema, na anayelala kwenye wodi zetu atakuwa wa kwanza kuiunga mkono. Ila muuguzi mmoja mmoja hazuiwi kuondoka. Anaondoka peke yake, bila mpango, na mara nyingi anaingia kwa mlango wa chini. Uingereza iliufungua mlango huo Februari 2022 ilipowaweka watunza wazee kwenye orodha ya visa, na watu wenye shahada kutoka Afrika wakamiminika kufanya kazi hiyo. Julai 2025 ikaufunga kwa wanaoajiriwa kutoka nje.

Lakini si bado anapata zaidi?

Msomaji makini atakuwa ameshauliza. Ndiyo. Yule mwalimu anayegeuza wagonjwa kitandani huko Marekani, hata baada ya kodi ya nyumba na bima, mara nyingi anabakiwa na fedha zaidi ya alizokuwa akipata darasani. Wachumi wanalijua hili vizuri: mtu yuleyule, mwenye elimu ileile, akivuka kwenda nchi tajiri kipato chake hupanda mara kadhaa kwa sababu tu ya mahali alipo. Kwa hiyo anayeondoka si mjinga, na familia inayomchangia haijapotea.

Linalopotea ni kitu kingine. Ni tofauti kati ya alichopata na ambacho angepata kama elimu yake ingesomeka. Tofauti hiyo ikiwa ya miaka miwili, inavumilika. Ikifika miaka 15, mtu amezeeka kwenye kazi ya saa 75. Kuna mtego hapo ambao haumo kwenye takwimu. Fedha ya kwanza inatosha kutuma nyumbani, na nyumbani wakishaizoea haiwezekani kusimama mwaka mmoja urudi shule. Kila mwezi unaotuma ni mwezi ambao ada ya leseni haikulipwa. Simu kutoka Nduruma inauliza habari ya bati za nyumba, haiulizi mtihani umefikia wapi. Kikao kilichouza shamba, bila kujua, ndicho kinachomfungia mtoto wake pale chini.

Kwa hiyo, kama kuna fedha ya kuchangwa, sehemu yake ingefaa itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya mwaka wa kwanza wa masomo huko, na isiguswe. Ni wazo gumu kuliuza kwenye kikao. Nimewahi kulitoa, na wazee wakanitazama kama mtu anayetaka kulipa ada mara mbili.

Sisi nasi, tukiwa wenyeji

Arusha ina haki ndogo ya kuwalaumu waajiri wa mbali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa hapa mjini tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamepata makubaliano yao. Walimu hawamo katika hayo manne.

Ndiyo maana mwalimu kutoka Kenya, aliyefundisha miaka kumi Eldoret, akija kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Arusha anakuta hali ambayo sisi tunailalamikia Toronto. Atahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, vyeti vyake vilinganishwe, na mwajiri aeleze kwa nini Mtanzania hakupatikana. Sababu za kulinda ajira za wenyeji tunazielewa. Na Mkanada naye anazielewa za kwake.

Kabla ya uwanja wa ndege

Mambo yanayoweza kufanywa ni ya kuchosha, na karibu yote yanafanyika nyumbani, kabla ya safari. Taasisi za tathmini ya vyeti kama WES, ambayo Kanada inaitambua, zinataka nakala ya matokeo itoke chuoni kwenyewe moja kwa moja, si mkononi mwa mwombaji. Kuifuatilia ukiwa Arusha ni safari ya basi. Kuifuatilia ukiwa Ohio ni kumsumbua shemeji kwa miezi. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, shahada na pasipoti linatakiwa liwe moja. Aliyeandikwa jina la babu shuleni na jina la ukoo kwenye pasipoti ataijua shida hii mapema kuliko wote.

Kwa wasio na vyeti kabisa, ambao ndio wengi wa Nduruma, ipo njia ambayo haitangazwi vya kutosha. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia gereji, mpishi aliyejifunzia hotelini, mwashi aliyejifunzia kwa baba yake wanapimwa, na wakifaulu wanapewa cheti. Cheti hicho hakimgeuzi mtu kuwa fundi wa Ujerumani. Kinachofanya ni kuwepo, ili siku mtu akiulizwa "umesomea wapi?" awe na karatasi ya kuweka mezani.

Halafu kuna barua ya mwajiri. Siyo ile ya mistari mitatu inayosema fulani alifanya kazi kwetu na tunamtakia kila la heri. Barua inayosomeka inataja cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, na kazi zenyewe: alisimamia watu wangapi, alipima dawa gani, alitumia mashine ipi, nani alimkagua. Mwajiri wa nje, au ofisa wa uhamiaji anayehesabu alama, anaisoma mstari kwa mstari.

Barua hiyo huombwa siku ya kuacha kazi, meneja akiwa bado ofisini na kumbukumbu zikiwa bado kabatini. Yapo mashamba ya maua mkoani Arusha ambayo yameshafungwa. Waliokuwa wasimamizi wao wana ujuzi wa miaka mingi, na hawana tena mtu wa kuwaandikia.